Mwanamke wa Tabiteuea

Anysie alipata kazi ile kwa sababu ya mwandiko wa masista. Shuleni Uvira, Kongo, walimfundisha kuandika herufi za kuunganisha, na kuzisoma hata kama mwandishi alikuwa na haraka au amelewa. Huku Maryland, vijana waliokua na simu mkononi hawakuweza kabisa kuusoma mwandiko wa namna hiyo. Kwa hiyo Bridget, Mkenya aliyekuwa akiimba naye kwaya kanisani Temple Hills, aliposikia kwamba mgongo umemshinda Anysie kwa kunyanyua wagonjwa katika nyumba ya wazee, alimwuliza papo hapo, "Kwani wewe unaweza kusoma ule mwandiko wa kitambo? Basi wacha ni-talk na bosi."

Ofisi ilikuwa Oxon Hill, juu ya duka la miwani. Kazi yenyewe ilikuwa kuketi mbele ya kompyuta na kuangalia picha za daftari za meli za zamani, hasa meli za Wamarekani zilizokwenda kuvua nyangumi katika bahari ya Pasifiki. Kila siku ya safari, nahodha au msaidizi wake alikuwa ameandika upepo unavuma kutoka wapi, joto ni kiasi gani, mawingu yakoje, na meli iko wapi kwa latitudo na longitudo. Wanasayansi walizitaka namba hizo ili wajue hali ya hewa ilivyokuwa zamani, kabla dunia haijaanza kupata joto. Anysie alizisoma na kuzichapa katika visanduku. Upande wa kulia wa kila ukurasa palikuwa na safu moja pana kuliko zote, safu ya maelezo, ambamo mwandishi aliandika mambo mengine yaliyotokea siku ile. Hiyo wanasayansi hawakuitaka.

"Ya mwisho una-skip," Bridget alimwambia siku ya kwanza. Yeye ndiye aliyesimamia meza sita za chumba kile. "Usiisome hata. Ukianza kuisoma hutamaliza kitu."

Kwa miezi mitatu Anysie aliiruka. Kisha akapewa daftari la meli iliyoitwa Harriet Loomis, mwaka 1844.

Meli hiyo ilikuwa imezungukazunguka karibu na ikweta kwa majuma, na kila Anysie alipochapa latitudo aliona sifuri, moja, sifuri, moja. Jioni moja nyumbani kwao Adelphi alimwomba binti yake Arielle, wa miaka kumi na minne, amwonyeshe mahali hapo kwenye ramani ya simu. Arielle aliandika zile namba. Skrini ikajaa buluu. Alikuza, akakuza tena, hadi kikatokea kitu chembamba kama uzi uliodondoka juu ya kitambaa.

"Hicho ndicho kisiwa?" Anysie aliuliza.

Arielle alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba ndiyo, kinaitwa Tabiteuea, ni sehemu ya nchi ya Kiribati, visiwa thelathini na vitatu vilivyotawanyika juu ya maji mapana kuliko nchi nyingi za dunia, na karibu vyote ni matumbawe tupu yasiyozidi urefu wa minazi yake. Akaendelea kusoma, naye mama yake akasikiliza. Mwaka 1788 nahodha mmoja Mwingereza aliyeitwa Gilbert alipita na meli yake, na baadaye wachora ramani wakavipa visiwa vingi vya huko jina lake. Wenyeji wakalichukua jina hilo wakalitamka kwa ulimi wao, nalo likawa jina la nchi. Tabiteuea wazungu walikiita Drummond. Lakini jina la wenyeji lilikuwa na maana: mahali ambapo wafalme ni marufuku.

"Hao ni watu kama sisi Wabembe," akasema Macaire, mume wake, akiwa anavua viatu vya kazini mlangoni. Alikuwa akifua mashuka katika hoteli moja ya National Harbor. "Hakuna mutu wa kuwaambia kitu." Wakacheka wote watatu.

Kesho yake Anysie alifika kwenye tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tano. Upepo, mashariki, mwepesi. Hali ya hewa, njema. Alichapa. Jicho likateleza kulia lenyewe, kwa kuwa safu ya maelezo ya siku hiyo ilikuwa imejaa mpaka ukingoni.

Mwandishi aliandika kwamba wamesimama karibu na kisiwa cha Drummond. Watu wamekuja na mitumbwi, wanaume kwa wanawake, wakiuza nazi na mikeka kwa tumbaku. Wengine wamepanda melini. Saa tisa upepo umebadilika na mkondo umeanza kuisukuma meli upande wa magharibi. Wenyeji wamerukia mitumbwi yao na kwenda zao. Mwanamke mmoja, aliyekuwa chini ndani ya meli akiangalia jiko, amechelewa. Nahodha hakuona sababu ya kugeuza meli.

Anysie alitoa mikono kwenye kibodi. Akarudia kuisoma sentensi ile ya mwisho. Baada yake palikuwa na idadi ya nazi zilizonunuliwa.

Tangu siku hiyo hakuiruka tena safu ile. Tarehe kumi na tatu: mwanamke ameketi nyuma ya meli akitazama tulikotoka, hataki kula. Tarehe kumi na nne: bado. Analia akirudia neno moja, Nasseeoo. Tarehe kumi na tano: tumeua nyangumi jike mmoja. Tarehe kumi na sita: mvua, upepo mkali, mwanamke amekataa kushuka chini. Tarehe kumi na tisa: mabaharia wanamwita Mary, haitikii. Anasema Nasseeoo.

Jina lake ni Nasiu, Anysie alijiambia. Alifurahi kulijua. Moyoni akawa anamwita hivyo: leo Nasiu amekunywa maji, leo Nasiu amelala.

Katika fomu ya kompyuta palikuwa na kisanduku kidogo cha maoni, cha kuandikia iwapo ukurasa umechanika au wino umefutika. Anysie alianza kuyachapa maelezo ya Nasiu humo. Hakupanga. Siku ya kwanza aliandika mstari mmoja, akidhani ataufuta kabla ya kutuma. Siku ya pili aliandika mitatu, na kisanduku kilipojaa akaendelea kuandika katika kisanduku cha mawingu. Nyumbani alikuwa mkimya. Macaire alimwuliza mara mbili kama mgongo umerudia kumwuma, naye akasema ndiyo.

Ukweli ni kwamba tarehe kumi na mbili ilikuwa imemfungulia mlango aliokuwa ameufunga kwa miaka kumi na mitatu. Hali ya hewa, njema. Siku ile katika mji wa Baraka pia ilikuwa njema, ziwa Tanganyika limetulia kama maji ya karai.

Majuma mawili baadaye Bridget alimwita kwenye chumba cha chai na kufunga mlango.

"Keti, Anysie. Hii ni nini?" Alimwonyesha karatasi zilizochapwa. Katika safu ya mawingu, mahali palipotakiwa namba, palisomeka: mwanamke ameomba kwa ishara arudishwe. "Wanasayansi wamerudisha kazi yote ya mwezi. Yote. Kompyuta yao imekataa kuisoma. Sasa mimi nita-explain aje?"

"Nilitaka iandikwe mahali," Anysie alisema.

"Imeandikwa! Si iko kwa daftari? Imekaa huko miaka karibu mia mbili."

"Hakuna anayeisoma, dada Bridget. Wewe mwenyewe ulisema tusisome."

Bridget alizikunja zile karatasi. Alikuwa mwanamke mwema, na alikuwa amechoka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi ndio niliwaambia nakujua," akasema. "Nilisema huyu ni mtu ataweka kazi vizuri. Wamenipa barua ya onyo, unajua? Mimi, si wewe. Huyo mama alikufa kitambo, Anysie. Sisi ndio tuko hapa."

Anysie aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Alisema ataacha kazi siku hiyo hiyo, ili Bridget aweze kuwaambia wakubwa kwamba kosa limeshaondoka. Bridget hakumzuia. Lakini Anysie alipokuwa akifungasha vitu vyake, alisema tena, "Nionyeshe tu kurasa zilizobaki. Nijue alifika wapi." Bridget akaigeuza skrini yake na kusogeza kiti. "Dakika tano," akasema, akatoka nje.

Zilibaki siku sita. Nasiu hakujitupa baharini, jambo ambalo Anysie alikuwa akiliogopa. Tarehe tatu ya mwezi wa sita, Harriet Loomis ilitia nanga kwenye kisiwa ambacho wavuvi wa nyangumi walikiita Ascension, ambacho leo ni Pohnpei, kisiwa cha milima na mvua, zaidi ya kilomita elfu mbili kutoka Tabiteuea, chenye watu wa lugha nyingine. Maelezo yalikuwa mstari mmoja: tumechukua maji na kuni, tumemshusha mwanamke. Upepo, kaskazini-mashariki. Hali ya hewa, njema.

Alirudi kazini kwake kwa zamani, Temple Hills, kuwaogesha wazee. Kwaya aliendelea nayo, ila Bridget alihamia mstari wa nyuma.

Wazo la barua lilimjia akiwa ndani ya basi. Kama bahari yote ile ilikuwa na watu wachache hivyo, na watu hao hawasahau ukoo, basi huenda Tabiteuea kuna nyumba ambayo bado inajiuliza bibi yao alikwenda wapi. Arielle alimtafutia kwenye mtandao anwani ya kanisa moja la huko, na siku ya Jumamosi waliketi pamoja kuandika. Anysie alisema kwa Kiswahili, Arielle akaandika kwa Kiingereza. Walitaja tarehe, meli, mitumbwi, mikeka. Walieleza alikoshushwa. Na mwisho waliandika kwamba jina lake lilikuwa Nasiu, na kwamba mwandishi wa meli aliliandika Nasseeoo, kwa s mbili, e mbili na o mbili.

Arielle aliinua kichwa akauliza kwa nini yeye, mama yake, anajali kiasi hiki. Anysie alisema, "Andika tu, mwanangu."

Jibu lilikuja baada ya majuma saba, Anysie akiwa amekwisha kukata tamaa. Mchungaji wa huko aliomba radhi kwa kuchelewa, maana mtandao wao haukuwa mzuri na maji ya bahari yalikuwa yameingia katika kisima cha kanisa, kwa hiyo wote walikuwa na kazi. Aliisoma barua mbele ya waumini Jumapili mbili. Koo tatu zilisema zina habari ya mwanamke aliyepotea na meli. Hakuna uliokuwa na hakika. Bibi mmoja mzee aliuliza kama jina la mwanamke huyo limeandikwa.

Kisha mchungaji aliandika hivi: "Katika lugha yetu, herufi t ikifuatwa na i huwa tunaitamka kama s. Ndiyo maana nchi yetu huandikwa Kiribati, lakini sisi husema Kiribas. Neno ulilolituma si jina, dada yangu. Ni *natiu*. Maana yake ni mwanangu. Nadhani alimwacha mtoto ufukoni. Kama una jina la mwanamke mwenyewe, tafadhali tutumie."

Arielle aliusoma ujumbe huo kwa sauti, akiutafsiri polepole kwa Kiswahili chake cha kukwama. Alipofika kwenye neno mwanangu alirudi nyuma, akalisoma tena. Anysie aliondoka, akaingia bafuni, akafungua maji ya bomba na kukaa humo kwa muda mrefu.

Alipotoka, Macaire alikuwa mezani akichambua ndagala, yaani dagaa wakavu, alizonunua katika duka la Waafrika barabara ya University, akiziondoa vichwa kimoja kimoja. Jua la mchana lilikuwa limeingia mpaka kwenye sakafu. Anysie alimwambia Arielle aende chumbani. Kisha akabadilisha neno. "Hapana. Baki. Na wewe ulikuwamo."

"Kuna nini?" Macaire aliuliza.

"Baba Arielle, ni juu ya mama yako."

Mikono yake ilisimama.

Miaka kumi na mitatu nyuma, vita vilipofika karibu na mji wa Baraka, Macaire alikuwa ametangulia Kigoma, ng'ambo ya ziwa, kutafuta mahali pa kukaa. Anysie alibaki na mtoto mchanga na mama mkwe wake, Mama Tabita. Siku ya tatu tangu aondoke, waliteremka ufukoni. Alipofika Kigoma peke yake na mtoto, Macaire alimwuliza mama yuko wapi, naye Anysie akajibu kwamba mama alikataa kuja. Eti alisema hataki kuacha nyumba yake na kaburi la mume wake. Hivyo ndivyo ilivyojulikana tangu siku hiyo, katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na hata Amerika.

"Hakukataa," Anysie alisema. "Tulifika wote kwenye boti. Yeye alikuwa amebeba Arielle, mi nimebeba mizigo. Mwenye boti akasema, iko nafasi ya mutu mmoja na mutoto, basi. Mama akanitazama. Hakusema kitu, Macaire. Alikuwa anangoja mi niseme. Mi nikanyoosha mikono nikamchukua mutoto, nikapanda."

Macaire aliziweka kando zile ndagala.

"Tulipoondoka aliingia majini mpaka hapa." Aliweka mkono kiunoni. "Alikuwa akiita. Motari ya boti ilipiga kelele, sikusikia anaita nini. Nilimwambia nitarudi. Nilikuwa najua sitarudi."

"Alikuwa anataka kuja," Macaire alisema polepole.

"Ndiyo."

"Mi nilimkasirikia." Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayejisemesha. "Miaka yote hii. Watu walikuwa wanaenda Baraka, wananiuliza, hauna salamu ya mama? Nasema hapana. Nasema, yeye alichagua nyumba, akae na nyumba yake. Hata simu sikutafuta. Anysie. Hata simu."

Aliinuka, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili, akachukua funguo za gari. Walimwona kupitia dirishani. Hakuwasha gari. Alikaa ndani yake, mikono kwenye usukani, hadi jua likahama upande wa pili wa jengo. Arielle ndiye aliyeteremka kumfuata. Anysie hakujua walizungumza nini, wala kwa lugha gani. Waliporudi, mtoto alikuwa amemshika baba yake mkono kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo.

Kwa siku tisa Macaire alilala sebuleni. Aliongea naye mambo ya nyumbani tu, chumvi imekwisha, leo nitachelewa. Kila alipopata nafasi alikuwa kwenye simu, akiwatafuta watu: mtu wa Uvira aliyemjua mtu wa Lusenda, na huyo akamjua mwalimu aliyebaki Baraka. Siku ya kumi alimpata mama mmoja jirani yao wa zamani. Anysie alikuwa jikoni, na mume wake aliweka simu kwa sauti ili naye asikie.

Mama Tabita alirudi nyumbani kwake siku ile ile ya boti. Aliishi miaka mitano zaidi, akiuza mihogo. Alikufa kwa homa. Watu wa kanisa walimzika. "Alikuwa anasema mwanawe na muke wake wako salama ng'ambo," jirani alisema. "Alikuwa anasema Mungu amsaidie muke wa mwanawe, kwa vile alimwokoa mutoto. Lakini siku zingine alikuwa analia sana. Mi sitakudanganya."

Walimshukuru. Macaire alizima simu na kusema, "Tutaweka kilio."

Wakaweka kilio, matanga ya mtu aliyekufa miaka minane kabla. Jumapili mchana nyumba ilijaa. Waliketi kwenye viti vya kuazima, na wengine kitandani. Bridget alikuja na chupa mbili za chai na sufuria ya maandazi, akaingia moja kwa moja jikoni bila kumtazama Anysie machoni. Baadaye, walipokuwa wakiosha vikombe, aliuliza kwa sauti ya chini, "Yule mama wa meli, ulijua jina lake?"

"Hapana," Anysie alisema. "Lile halikuwa jina." Akamweleza. Bridget alikifuta kikombe kimoja muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Baada ya nyimbo, mzee wa kanisa aliyeongoza ibada alimgeukia Macaire na kuuliza, kama ilivyo desturi, marehemu alikuwa nani na ilikuwaje akabaki peke yake kule. Anysie alikuwa ameketi chini, karibu na mlango, na Arielle amemwegemea.

Macaire alisimama. Alitaja jina la mama yake, la baba yake, kijiji chao cha milimani, wimbo alioupenda. Kisha akasita. "Vita vilikuja," akasema. "Boti lilikuwa limejaa."

Watu waliitikia kwa kichwa. Wengi wao walijua maboti yaliyojaa. Ilikuwa inatosha, na ilikuwa karibu na kweli, na Anysie aliona kwamba mume wake alikuwa ameitafuta sentensi hiyo kwa siku nyingi ili ampe. Angeweza kuichukua.

"Halikuwa limejaa," alisema.

Vichwa viligeuka. Alisimama akiushika ukuta, kwa maana mgongo ulimwuma kweli. "Ilibaki nafasi ya mtu mmoja," akasema, "na mimi ndiye niliyeikaa. Ngojeni niwaeleze."

Mzee wa kanisa alimtazama Macaire kuona kama ataruhusu. Macaire alikaa chini, akasogea, na kumwachia mke wake nafasi katikati ya chumba. Hakumtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa, akisikiliza.